Mama wa Pansema

Usiniulize alizaliwa wapi, wala baba yake alikuwa nani, wala babu yake alivuka mto gani. Huku Kolwezi, mkoani Katanga, tuliwahi kuulizana maswali hayo hadi watu wakakosa nyumba. Nitakuambia tu kwamba alikuwa Mama wa Pansema, na kwamba kwa miaka mingi kila aliyekatwa na bati, aliyeungua mafuta, aliyechomwa na msumari au kuumwa na mbwa katika cité ya Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, alipita mikononi mwake. Pansema ni kile kitambaa cha kufungia kidonda. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini hakuna aliyelitumia, hata padri.

Mimi ni mshonaji. Mume wangu husema cherehani yangu hupumzika Jumapili, mdomo wangu haujui Jumapili. Basi vumilia.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka na mikono midogo iliyokuwa baridi daima kwa sababu ya kunawa. Alinawa kama watu wengine wanavyoongea. Alinawa kabla ya kukushika, akanawa baada ya kukushika, akanawa akisikiliza habari, na ukimwambia jambo la kumuudhi aliichukua sabuni tena. Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika dispansere, zahanati ya kampuni ya mgodi, chenye mlango wa bluu. Ukiingia hakukusalimu. Aliinama akakinusa kidonda chako kwanza, taratibu, macho amefumba, halafu ndipo akainua kichwa: "Jambo, mama. Batoto banalala muzuri?"

"Kidonda inasemaka," alituambia, "lakini hainaga mudomo. Tega pua."

Wageni waliona haya kunuswa. Sisi wa Musonoi tulizoea. Hata sokoni, akisimama karibu nawe kwa muda, ulianza kujiuliza kama una kidonda usichokijua.

Sasa, jambo lake kubwa lilikuwa usaha. Nisamehe kama unakula. Hakuna mtu niliyemwona akiuheshimu usaha kama yule mama. Siku moja alikuja dereva wa yale malori makubwa ya mgodini, baba mzito mwenye sauti, amechanika paja kwa chuma, na kidonda kimevimba hadi suruali haipiti. Mama alikifungua, usaha ukatoka, yule baba akageuza uso, akatema mate sakafuni kwa kuchukia.

"Tata, unatemea nani?"

"Uchafu ile, mama."

"Uchafu? Aba batu balikufa juu yako, na we unabatemea mate?"

Mimi nilikuwa pale na mtoto wangu aliyeungua chai, nikasikia mafundisho yote, na baadaye niliyasikia mara nyingi hata nikaweza kuyasema usingizini. Ngozi ikichanika, alisema, bilulu wanaingia. Bilulu kwa Kiswahili chetu ni wadudu, na yeye alilitumia neno hilo kwa vile vijidudu visivyoonekana. Basi ndani ya nyama kuna walinzi ambao hukaa pale pale miaka yote bila kazi, na siku hiyo wanapiga kelele. Kwa kelele ile mishipa ya damu inajipanua, maji ya damu yanavuja kuingia ndani ya nyama, na ndiyo maana pale panakuwa pekundu, pana moto, panavimba, panauma. "Kuumwa njo kelele yabo," alisema; njo yetu ni ndiyo yenu. "Kama haiume, njo uogope." Kisha askari wa kwanza wanafika mbio kupitia damu, wadogo na wengi sana, hawana akili ndefu wala maisha marefu. Wanawameza bilulu, wanakufa wakiwa wamewashika tumboni. Maiti zao ndizo usaha.

"Na nani anazika?" dereva aliuliza. Alikuwa amesahau paja lake.

"Nyuma yabo banakuya ba mama na fagio. Bakubwa, ba pole pole. Banakula maiti yote, banapangusa, halafu banaita mafundi bajenge nyama ya mupya. Sasa we ukikwangua na kucha, unafukuza ba mama na fagio yabo. Unasikia?"

"Ninasikia."

"Omba musamaha."

Na yule baba, dereva wa lori lenye magurudumu marefu kuliko nyumba yangu, aliliangalia paja lake akasema, "Musamaha." Nilicheka hadi mtoto akaacha kulia. Mama wa Pansema hakucheka hata kidogo. Aliitupa pamba yenye usaha ule kwenye ndoo ya kuchomea na akafanya ishara ya msalaba juu yake. Alifanya hivyo kila mara, na padri alipomuuliza kama ni sawa, alimjibu kwamba hata askari wa kawaida huombewa.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa gazi, kile kitambaa chembamba cha pansema, hata ukimwomba kipande kidogo cha ziada alikukazia macho kama umemwomba jino. Alizifua zilizotumika, akazichemsha katika sufuria moja kubwa, akazianika kwenye kamba nyuma ya nyumba yake, nyeupe, ndefu, zikipepea. Mjomba wangu alipotoka Musumba kututembelea aliziona akaniuliza kwa upole ni mtoto gani wa nyumba ile anayefungwa nepi nyembamba hivyo. Alituambia tusing'ate kucha, na zake alizing'ata hadi nyama. Aliweza kupasua jipu huku akiuliza bei ya mihogo, lakini kuku akiingia chumbani alipanda juu ya kiti. Kuku! Na kanisani aliimba kwa nguvu nje ya sauti ya kila mtu, kiongozi wa kwaya akamsogeza nyuma, tena nyuma zaidi, mpaka akawa anaimba karibu na mlango, na bado tulimsikia.

Vita vyake vya kila siku vilikuwa juu ya vitu ambavyo watu walimwaga ndani ya vidonda. Masizi ya betri. Mafuta ya breki. Vidonge vya rangi mbili, vile ambavyo wauzaji wa barabarani huvibeba juani siku nzima, watu wakavipasua na kunyunyiza unga wake kama chumvi juu ya mboga. Yeye alitaka maji yaliyochemshwa, chumvi na sabuni. "Mwili inajua kazi yake. We uipangushie tu njia."

Lakini hakuna kilichomshinda kama kisa cha jiwe la kijani. Huyo alikuwa kijana wa kuchimba kwa mikono, mwenye kidonda mguuni. Mama alikifungua, akarudi nyuma hatua nzima. Kidonda kilikuwa kijani kibichi. Ujue kuna usaha wa kijani, wa vijidudu wakaidi wanaopenda maji na kona za hospitali, na wakiingia chumba kimoja wanahamia kwa wagonjwa wote. Aliufahamu na aliuogopa. Basi akaamuru sote tutoke. Akachemsha vyombo vyote. Akamwaga dawa sakafuni. Akamketisha yule kijana uani peke yake kama mkoma, na maskini akaanza kulia, akidhani anakufa. Ndipo Mama akakumbuka kwamba hakunusa. Akarudi, akainama, akafumba macho. Hakuna harufu. Akanusa tena.

"We, uliweka nini humu?"

Kijana akanong'ona. Alikuwa ametwanga lile jiwe letu la kijani, jiwe la shaba, akajaza kidonda unga wake, kwa sababu wakubwa wa shimoni walimwambia jiwe linalotulisha haliwezi kutuumiza.

Mama wa Pansema aliketi chini. Hapo hapo, juu ya saruji yenye dawa. Alicheka hadi machozi yakamtoka. "Ulijaza mugodi ndani ya muguu! Sasa kampuni itakuya kuchimba kwako!" Kisha akasimama, akanawa, akamgombeza vizuri, akaosha unga wote punje kwa punje hadi jioni. Mwaka mzima baadaye yule kijana hakuweza kupita Musonoi bila kuulizwa kama mguu wake umeshapata mnunuzi.

Nayasimulia haya ya kucheka kwanza kwa sababu ndivyo ninavyomkumbuka. Lakini sasa lazima nirudi kwenye neno lile, bilulu.

Ulifika wakati mgodi ulipoanza kuzama. King'ora cha zamu kilikuwa kikilia leo, kesho kimya. Mishahara ikawa hadithi. Dispansere ilikosa dawa, kisha pamba, kisha mganga mkuu. Watu wakiwa na njaa hutafuta aliyewala, na wakubwa wa siasa walikuwa wameshatuandalia jibu. Wakapanda majukwaani wakasema: wenye kula kazi zenu ni watu wa mkoa wa Kasai. Waliletwa huku na reli na warudi na reli. Wakawapa jina, jina fupi ambalo hata mtoto anaweza kulipiga kelele. Wakawaita bilulu.

Kwa hesabu za siku zile, Mama wa Pansema alikuwa wa Kasai. Kasai yenyewe hakuwahi kuiona. Kiluba chake cha kule kilikuwa kibovu, mashemeji zake walimcheka. Alijua mitaa ya Manika, hapa hapa Kolwezi, gizani, alijua kila mguu wa Musonoi kwa kovu lake. Kitu kimoja tu alichokuwa akikitaka duniani, na alikuwa akikisema bila haya, ni kuzeeka palepale, katika nyumba ile yenye kamba ya kuanika gazi.

Asubuhi moja mlango wa bluu ulikuwa umeandikwa kwa makaa: KILULU, yaani bilulu mmoja. Nilikuwa nikienda kisimani, nikamwona amesimama mbele yake na ndoo. Aliusugua kwa sabuni mpaka rangi ikatoka pamoja na neno, akanawa mikono, akawaita wagonjwa waingie. Wiki ile ile wakaja vijana wa chama na fimbo, wakazunguka nyumba kwa nyumba, na jioni yeye na binti yake, aliyekuwa bado msichana, walikuwa stesheni na wengine wote, na vitu vyao vimefungwa ndani ya mashuka. Mimi nililia. Mume wangu alifunga mlango akakaa nyuma yake akishika kichwa. Hasira niliyokuwa nayo siku ile bado ninayo, sitakudanganya, iko palepale kama sindano iliyosahauliwa kwenye pindo.

Treni haikuja. Watu walikaa stesheni, wakapika pale, wakazaa pale, wakazika jirani ya pale. Na mimi, katika siku hizo hizo, cherehani ikanitoboa kidole cha shahada, sindano ikapita hadi mfupani.

Nilijifunga kitambaa, nikaendelea kushona. Ujinga wa fundi huo. Kidole kikavimba, kikawa na moto, kikapiga kama ngoma, nami nikajiambia ni walinzi wanapiga kelele, watamaliza. Hawakumaliza. Nikaona mstari mwekundu umetoka kidoleni, umepanda kwenye kiganja, umepita mkononi kuelekea kiwiko, na kwapani nikashika mtoki, uvimbe mgumu kama kokwa. Nikaanza kutetemeka kwa homa. Kule dispansere, yule aliyewekwa kwenye chumba cha Mama alinitazama akasema labda kukata kidole, na mstari ukivuka kiwiko, mkono. Mshonaji bila mkono! Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja stesheni, kwa miguu, nikilia njia nzima kama mtoto.

Nilimkuta amechuchumaa kati ya mabunda, anachemsha maji. Hakunisalimu. Alikishika kidole akakinusa.

"Keti."

Watu walijisogeza wakatupa nafasi. Alipapasa kwapa langu. "Hapa njo kuko masomo yabo," alisema, kwa sauti ile ile ya mlango wa bluu. "Banabeba sura ya adui, banaileta hapa, banafundisha bengine kuijua. Njo maana inavimba, masomo imejaa. Haiko mubaya. Mubaya njo huyu mustari. Huyu ni njia ya maji, na bilulu banapita mu..."

Neno lilikuwa limetoka. Pande zote watu walikuwa wamelisikia, wazee, wamama wenye watoto migongoni, watu waliofukuzwa nyumbani mwao kwa neno hilo hilo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alibaki ameshika kidole changu, mdomo wazi.

Ndipo mzee mmoja aliyelala juu ya mizigo, kofia usoni, akasema bila kuiondoa kofia: "Endelea tu, mama. Sisi bilulu tunasikiliza."

Mtu akacheka. Kisha mwingine. Kicheko kikaenda mpaka mwisho wa jukwaa, watu wakiambiana kilichosemwa, wakacheka wale ambao hawakuwa wamekula tangu jana. Mama wa Pansema alicheka na machozi yakimtiririka, na sijui hadi leo yalikuwa ya upande gani. Kisha akanawa.

Alichemsha wembe, akapasua kidole, usaha ukatoka, naye akafanya ishara yake ya msalaba. Akaosha kwa maji ya chumvi, akafunga, akanining'iniza mkono kwa kitambaa. Lakini akatikisa kichwa. "Maji peke haitoshe. Askari bako banachoka, bilulu bako mingi. Inaomba dawa ya kubasaidia." Akasimama, akapaza sauti kuuliza nani ana ampisilini.

Fikiria. Hao ni watu waliokuwa wanangoja treni isiyojulikana itakuja lini, na watoto wao wakikohoa. Nami kila mtu aliweza kuona ni mtu wa huku, nimetoka nyumbani kwangu nitarudi nyumbani kwangu. Mashuka yakafunguliwa. Huyu akatoa vidonge vichache vilivyofungwa kwenye karatasi, yule kichupa kilichobaki nusu, mwalimu mmoja akatoa karibu dozi nzima aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mkewe. Mama alikagua kila kimoja, akatupa vilivyoharibika, akanipa vilivyobaki, akaniambia nivimeze hadi mwisho hata nikipona katikati. "Dawa inapunguza adui tu. Mwili njo inaponyesha. Usikuye kunishukuru mi, shukuru mukono yako mwenyewe."

Nilirudi kila siku kubadilishiwa pansema, na sikwenda mikono mitupu, nilibeba bukari na sombe, ugali na kisamvu chenu, kadiri nilivyoweza. Mstari ukarudi nyuma. Mtoki ukalainika. Siku moja nilifika na sufuria, jukwaa likawa tupu. Treni ilikuwa imekuja. Niliketi pale na chakula kikapoa, na kidole kilikuwa kimepona.

Alirudi. Sisemi baada ya muda gani, watoto waliokuwa mgongoni walikuwa wameshaanza masomo. Nilikuwa sokoni Manika napima kitenge, nikasikia mtu nyuma yangu ananinusa. Nilipiga kelele hadi wauzaji wakadhani ni mwizi.

"Kasai ilikuwa aje?" nilimuuliza, tulipokwisha kulia na kupigana makofi ya mgongo.

"Batu bazuri. Joto mingi. Na unajua bananiitaka nani? 'Mama wa Katanga.' Nikifungua mudomo, banacheka. Njo nikasema, heri nichekwe kwetu."

Binti yake alibaki kule, akawa mwalimu, akaolewa. Mama alipanga chumba Manika, akaanza upya, na watu wakaja. Walikuja kwanza wakipitia nyuma ya nyumba, kwa haya. Hata baadhi ya vijana wa fimbo walikuja, sasa ni wababa wenye vitambi na vidonda vya sukari. Aliwanusa kama wote. Nilimuuliza kama moyo haumuumi. "Inauma," alisema. "Nikisikia haiume tena, nitaogopa."

Lakini mafundisho yake yalikuwa yamebadilika, na ni sisi wa zamani tu tuliotambua. Hakusema tena bilulu. Alisema mikrobe, kwa Kifaransa, hata kwa bibi asiyejua hata bonjuru. Na aliongeza kitu ambacho zamani hakuwa akikisema. "Juu ya ngozi yako kuko mikrobe mingi kuliko batu ba Kolwezi," aliwaambia. "Binakaaka na we tangu ulitoka mu tumbo ya mama yako. Binakula, binalala, habikufanyie mubaya, bingine binakulindia nafasi. Mwili haiulizake huyu alitoka wapi. Inaangaliaka huyu anaharibu nini. Na siku mwili inasahau ile, inaanza kujipiga yenyewe, na ile ugonjwa pansema yangu haiiweze." Baadaye ndipo aliposema habari za walinzi na askari na ba mama wenye fagio. Wasikilizaji walidhani ni sayansi tu. Ilikuwa sayansi.

Mara ya mwisho ninayotaka kusimulia ni ya juzi juzi. Alikuwa amezeeka, magoti yamekataa, na binti yake alikuja kutoka Kasai kumchukua akakae naye. Ni mwanamke mzuri, yule binti, mwenye adabu, na kila kitu alichosema kilikuwa na maana. Kule kuna chumba kimetengenezwa, kuna wajukuu, kuna kiti cha kukalia kivulini. Huku kuna vumbi la malori, wachimbaji, pikipiki. Mama alisikiliza wiki nzima akisema "eeh, eeh." Mimi nilimshonea nguo ya safari, na kila mshono nilikuwa natukana. Nilijiambia, mara hii ni mtoto wake, utafanya nini, mshonaji?

Asubuhi ya kuondoka nilikuta gari dogo la mizigo limesimama mbele ya nyumba, limejaa: viti, masufuria, sanduku, na godoro juu ya yote. Binti alikuwa anafunga kamba na dereva, amelowa jasho. Mama hakuwapo. Nikazunguka nyuma, nikamwona amechuchumaa, kwa taabu, mkono mmoja umeshika ukuta, anapanda miche.

"Mama, gari inangoja. Unapanda nini?"

"Lengalenga," akasema; ndiyo mchicha wetu.

"Nani atakula?"

"Mi."

Moyo wangu uliruka hata nikashika kifua. Binti alikuwa amenifuata, akasikia. "Mama," akasema taratibu, "tulisikilizana."

"We ulisikilizana. Mi nilikuwa ninasikiliza tu."

"Mama, ni mapendo. Silalake usiku, ninawaza uko peke yako huku. Nani atakuangalia?"

Mama wa Pansema alinyoosha mkono nimwinue. Akaenda kwenye ndoo, akanawa, polepole, kidole kwa kidole, na sisi wawili tukangoja kama wagonjwa. Akajifuta.

"Mutoto wangu. Mara ya kwanza balinitoa hapa na fimbo, nikaenda, maana fimbo haina jibu. Sasa unanitoa na mapendo. Mapendo iko na jibu. Siendi."

Binti alifunika uso kwa kitenge akalia. Nami nikalia, ila mimi nilikuwa nalia kwa furaha na niliona aibu, nikageukia ukuta. Mama alimshika mwanae kichwa, akakiweka begani, akamwambia awalete wajukuu wakati wa likizo, wote, atawapikia, watalala chini kama samaki. Kisha akapaza sauti kuelekea barabarani.

"Tata dereva! Rudisha matela ndani!"

Dereva akamtazama binti. Binti akatazama mikono yake, akavuta kamasi, akaenda mwenyewe akaikata kamba aliyoifunga asubuhi ile. "Mama mushonaji," akaniambia, bila kuniangalia, "shika upande ule." Nikashika. Godoro, hiyo matela yake, lilikwama mlangoni, likakunjika, likatukataa, sisi nje tunasukuma na kuanza kucheka kwa uchovu, na yeye ndani analivuta kwa mikono yake midogo na kutugombeza sote.

"Sukumeni! Sukumeni, ninyi benye magoti mazima, mi ninataka kulala!"